Ndala Zinazotazama Nje

Pa.

Kisha kimya. Kisha tena, pa, sauti ndogo ya kiganja kikipiga sakafu, kutoka chumba cha pili. Alfajiri ilikuwa bado. Nililala macho wazi nikiisikiliza, kama mtu anavyosikiliza maji yanayodondoka ndani ya ndoo na kujua, bila kuinuka, ndoo imejaa kiasi gani. Alikuwa Tunu, mjukuu wangu. Alikuwa amelisukuma godoro lake ukutani, ametandika kanga yangu ya zamani chini, na alikuwa anajifunza kuanguka.

Kanga aliitandika ili sauti ipungue, nisiamke. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu mengi nitakayoyasema ni ya majuto, na sipendi mtu afike katikati akadhani hapakuwa na wema ndani yake. Wema ulikuwepo tangu mwanzo. Ulitandikwa sakafuni kabla ya adhana.

Asubuhi ile ndiyo nilimpeleka ukumbini, alikokuwa akichungulia wengine wakifundishwa kuanguka.

Mji wetu una ubao barabarani unapoingia, lakini jina lilifutwa na mvua, na kila mtu anangoja mwenzake aliandike upya. Watu wa rika langu katika mji huu hawajui kuanguka. Ukikaa dirishani utawaona wanavyotembea, mkono mmoja ukutani, macho chini, kama waliobeba yai mdomoni. Mtu mzima akianguka anavunjika, na akishavunjika haokotwi, anazungukwa. Nimewaona watu waliokuwa na sauti kubwa, wenye viti vya kuegemea na wa kuwafungulia milango, wameanguka mara moja tu na kesho yake hakuna aliyekumbuka walikuwa wameketi upande gani. Ndiyo maana tunawapeleka watoto ukumbini mapema, mifupa ikiwa bado inasikia.

Kinachofundishwa humo ni judo. Wanasema ilitoka Japani, ikaja na mtu aliyefika na sanduku moja, akafundisha, akaenda zake. Alichoacha ni mikeka migumu ya kijani, nguo nyeupe nene zisizochanika ukizivuta, na desturi ya kuinama. Mtoto anainama mlangoni akiingia. Anainama mbele ya mwenzake kabla hajamwangusha. Anainama tena akishaangushwa, na kushukuru. Mwalimu wao wanamwita sensei. Ni mwanamke mwembamba, jina lake Salha, na kila ninapomtazama ni wa umri mwingine. Asubuhi huwa na mvi. Ukipiga chafya ukamtazama tena, ni msichana.

Na kuna desturi ya viatu. Viatu havivuki kizingiti. Mtoto anavua ndala zake mlangoni akiwa anaingia, kwa hiyo ndala zinabaki zikitazama ndani, pale alipoelekea yeye. Mtu aliyemleta anaketi nje kwenye benchi na kutazama. Akiona wakati umefika, yeye ndiye anayeinuka na kuzigeuza ndala zitazame nje, ili mtoto akitoka aingize miguu na kwenda bila kuinama. Mwalimu hazigusi, na mtoto mwenyewe hazigusi. Ni kazi ya anayengoja.

Inaonekana kazi ndogo. Lakini ndani ya ukumbi ule saa haiendi mpaka ndala zigeuzwe. Mtoto anayeingia na miaka saba anabaki na miaka saba, anaanguka na kuinuka, anaanguka na kuinuka, jasho lile lile, pengo lile lile la jino. Siku ndala zinapogeuzwa anatoka, na anatoka akiwa mtu mzima. Miaka yote inamkuta mlangoni kwa pamoja, kama nguo iliyokuwa imetundikwa ikimsubiri.

Kwenye benchi nilimkuta Mwatime, jirani yangu wa zamani, anashona kofia kwa sindano. Alikuwa amemleta mjukuu wake wa kiume. Alinisogezea nafasi bila kuinua macho.

"Karibu, Mama Zaituni. Kaa upande huu, ule una msumari."

"Umejuaje?"

"Uliza gauni langu."

Nikaketi. Akatoboa tundu moja, akalizungushia uzi, akakata kwa meno. Kisha akaweka kofia pembeni, akaenda mlangoni, akazigeuza ndala za mjukuu wake kama mtu anayegeuza chapati, akarudi kukaa. Hakuwaza hata kidogo. Kijana akatoka. Alikuwa na ndevu, na mikono ya kanzu ilimfika kwenye viwiko. Akaubusu mkono wa bibi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Na hiyo kanzu nani ataiongeza urefu, mimi?"

"Nitanunua nyingine."

"Haya nenda. Kofia hii nilikupimia kichwa cha asubuhi, sasa haikuingii hata sikio."

Kijana akacheka, akaenda. Mwatime akamtazama mpaka kona, kisha akaanza kuifumua kofia, uzi baada ya uzi, aipanue. Nikamwuliza kama haumii.

"Naumia," akasema. "Si unaona nafumua."

Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa. Jina wanaloniitia ni la binti yangu. Zaituni naye niliwahi kumleta hapa, nikakaa kwenye benchi hili kabla msumari haujachomoza. Nilizigeuza ndala zake mapema, kwa furaha, kwa sababu niliona anaanguka vizuri kuliko wote na nilitaka kila mtu amwone. Akatoka mrefu, mwepesi, akaingiza miguu na kwenda. Baadaye alirudi mara moja, ana mtoto mgongoni. Akamlaza kitandani kwangu, akamfunika, akaondoka taratibu asituamshe, na hatukumwona tena. Hakunikosea. Ndala zilikuwa zinatazama nje, naye akaenda zilikotazama. Huyo mtoto ndiye Tunu.

Kwa hiyo siku ile Tunu alipovua ndala zake, za bluu, moja ukanda wake nimeufunga kwa uzi wa nailoni, nilizitazama zikitazama ndani na moyo wangu ukatulia. Nikasema nitazigeuza. Sikusema lini.

Nikatazama.

Enzi za Zaituni nilitazama kidogo tu, na nilikuwa bado nadhani judo ni kupigana. Nilipotazama kwa muda mrefu niliona kwamba sehemu kubwa ni kuanguka, na kwamba mtoto hafundishwi kumwangusha mtu mpaka yeye mwenyewe aanguke kwa kila namna, mbele, nyuma, ubavuni, kichwa kikiwa kimekunjwa kifuani, kiganja kikipiga mkeka kabla ya mgongo kufika. Kiganja ndicho kinachopokea. Maumivu yanaingia mkononi na kutoka kama sauti, pa, na mwili unabaki mzima. Nikawaza, laiti wangetufundisha hivi sisi. Sisi tulifundishwa kusimama tu. Tulipigiwa makofi kwa hatua ya kwanza, lakini siku tulipoanguka mara ya kwanza watu wazima walipiga sakafu kwa fimbo wakasema sakafu mbaya, sakafu imekosa. Tukakua tukiidai sakafu.

Na kwa nini anamshukuru aliyemwangusha? Hilo lilinikera. Niliona kitoto kinabebwa nyongani, kinazungushwa hewani, kinatua chali, na kikiinuka tu kinainama kusema asante. Nikawaza, hivi ndivyo wanavyotengenezwa watu wanaoshukuru kila anayewatupa. Mji wetu umejaa watu hao. Wametupwa kutoka kwenye nyumba zao, kazini kwao, kwenye foleni za maji, na wamesimama wameshika kofia mkononi wakisema asante mzee, asante mheshimiwa. Je, humu ndimo wanamojifunza? Nikakaa na swali hilo kwenye benchi mpaka likaanza kuniumiza zaidi ya msumari.

Muda ulipita. Ulipita kwangu, haukupita kwa Tunu. Magoti yangu yalianza kulia. Mwatime, aliyebaki benchini kwa mazoea, alimaliza kofia, akaanza nyingine. Watoto walioingia pamoja na Tunu ndala zao ziligeuzwa, wakatoka na masharubu, na matiti, na mimba, na miwani. Wakaja wengine wapya, na Tunu akawa anawapokea. Kila mgeni anahitaji mtu wa kumwangusha ili ajifunze, na aliyekuwepo siku zote, mdogo, mwepesi, asiyelia, alikuwa Tunu. Wakamwangusha. Akainuka, akainama, akashukuru. Yule akishajua kuangusha, bibi yake au baba yake anazigeuza ndala, naye anaondoka. Anakuja mwingine. Tunu anainama.

Nilikuwa nampelekea uji. Watoto huruhusiwa kusogea mpaka kwenye kizingiti kunywa, bila kukivuka. Nilikuwa naupoza kwa kuumimina kutoka bakuli hadi bakuli, kisha nampa, na tunazungumza huku vidole vyake vya miguu vikiwa upande wake na vyangu upande wangu.

"Yule rafiki yako wa jana yuko wapi?" nikamwuliza. "Yule mwenye meno makubwa."

"Ameondoka. Jina langu alilijua."

"Hawa wapya hawalijui?"

"Watalijua, halafu wataondoka." Akanywa. "Bibi, uji wako leo hauna sukari."

"Imekwisha."

"Basi ni mtamu hivyo hivyo."

Hakuwa mkweli. Niliuonja baadaye, ulikuwa kama maji ya ukutani.

Siku nyingine, au siku ile ile, aliniuliza huku akilamba ukingo wa bakuli.

"Bibi, ndala zangu bado zipo?"

"Zipo. Nani azichukue?"

"Zinatazama wapi?"

Mwatime aliacha kushona.

"Zinakutazama wewe," nikasema.

Tunu akaitazama mikono yangu iliyoshika bakuli, si ndala. Alikuwa na miaka saba kwa muda mrefu sana, na mtu akikaa na miaka saba kwa muda mrefu anaielewa yote.

"Haya," akasema. "Basi nitaanguka tena kidogo. Wewe usijali, Bibi. Siumii."

Akanirudishia bakuli kwa mikono miwili, akaenda.

Mwatime alinipa kitambaa chake cha kufutia vidole, nami nikafutia uso.

Ninayoyasema sasa yanakuja vipande vipande, kwa sababu ndivyo nilivyoyawaza.

Nampenda. Akibaki humo hatapotea.

Akibaki humo amepotea humo humo, na mimi ndiye ninayemletea uji.

Zaituni nilimwachia. Huyu nimemshika. Yule aliyeachiwa na huyu aliyeshikwa, yupi nimemkosesha zaidi?

Nani aliyezigeuza ndala zangu mimi? Sikuingia ukumbini, lakini utotoni sikumbuki kutoka. Nakumbuka tu mlango, na jua, na viatu vinavyonibana.

Alipokuja tena kizingitini alikuwa na mchubuko kwenye kiwiko. Nikakasirika. Nikamwonyesha kwa kidole mtoto aliyemwangusha, kibonge mmoja aliyekuwa anafunga mkanda wake vibaya.

"Yule amekutupa kama gunia, na wewe unamshukuru. Kwa nini unamshukuru?"

"Namshukuru kwa mkono."

"Mkono gani?"

Tunu akashangaa kwamba nimekaa muda wote ule natazama na sikuuona. Akalishika gauni langu kwenye mkono, karibu na kiwiko, akalivuta.

"Huu. Ukimwangusha mtu unamshika hapa, na unaendelea kumshika mpaka afike chini. Unamvutia juu kidogo, kichwa kisigonge. Ukimwachia njiani, sensei anasema huo si mchezo, huo ni ugomvi. Yule hajaniachia. Kiwiko nimekiumiza mwenyewe, sikukunja."

"Na ukimshika tu, usimwangushe?"

Akacheka, pengo likaonekana. "Basi mnasimama tu, Bibi. Mnashikana tu mpaka mnachoka. Sensei anasema mtoke, mwapishe wengine."

Akaenda. Mimi nikatazama upya, na sasa niliona mikono tu. Kila mtoto aliyekuwa anaruka hewani, mkono mmoja wa nguo yake ulikuwa ndani ya ngumi ya mwenzake, na ngumi ile haikufunguka mpaka mgongo ulipotua. Hata yule kibonge. Hata wadogo kabisa, wanaoangushana kwa bahati. Nikawafikiria wakubwa wa mji wetu waliowatupa watu, nikajua kilichonikera ni nini. Kutupa kwenyewe kumbe kunaweza kuwa na huruma. Wao walitupa wakaachia. Nikajifikiria mimi pia. Zaituni nilimwachia hewani, kwa furaha, nikipiga makofi. Tunu nimemkamata mkono na sijamruhusu aondoke mkekani hata mara moja. Nusu ya mchezo nilimpa mmoja, nusu nyingine mwenzake. Hakuna niliyempa wote.

Nikainuka. Magoti yalilia. Mwatime akasema, "Taratibu," akanishika kiuno kwa nyuma bila kuuliza naenda wapi.

Nilipiga magoti mbele ya ndala za bluu. Zilikuwa na vumbi la siku nyingi, na ndani yake alama za vidole vya mtoto, vitano na vitano. Nilizipangusa kwa upindo wa kanga. Nikaufunga upya uzi wa nailoni, nikaufunga vizuri kupita kiasi, na nilijua nachelewesha. Kisha nikazigeuza.

Tunu akatoka.

Akainama kwanza, akiutazama mkeka, kama walivyofundishwa. Alipoinuka alikuwa ananipita kwa kichwa. Uso wa Zaituni ulipita juu ya uso wake kama kivuli cha mtu anayepita dirishani, kisha ukabaki wake mwenyewe. Jino lilikuwa limeota. Nilijuta kwamba sikuliona likiota.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akaingiza miguu kwenye ndala. Visigino vilibaki nje kabisa.

"Zinanibana," akasema.

"Nilichelewa."

"Najua." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ninaoubeba mpaka leo. "Zitatanuka nikitembea."

Nikamshika mkono wa shati. Tukatembea hivyo hadi kona, mimi nikiwa nimemshika, yeye akienda taratibu kwa ajili yangu. Pale kwenye kona nikavuta juu kidogo, kisha nikafungua vidole.

Nilirudi kwenye benchi. Sikuwa na kwingine.

"Sasa unamngoja nani?" Mwatime akauliza.

"Simngoji mtu."

"Basi ingia wewe."

"Kwa umri huu, Mwatime?"

"Umri umeuona wapi humu ndani? Ingia. Mimi nimechoka kukusogezea nafasi."

Nikavua makubazi yangu mlangoni. Yakabaki yanatazama ndani. Nikainama, si sana, kiuno kilipokubali, nikaukanyaga mkeka. Ulikuwa wa baridi na ulinukia jasho la watoto. Salha, siku hiyo msichana, alinikabidhi kwa mtoto mmoja wa kike aliyekuwa na makamasi. Mtoto akaniinamia. Akanishika mkono wa gauni, karibu na kiwiko, akanitazama kuona kama niko tayari. Kisha dunia ikageuka, paa likawa chini yangu, na mkono wangu wenyewe, uliokuwa umesikiliza alfajiri zile zote, ukajua la kufanya.

Pa.

Sikuvunjika. Nililala chali nikicheka, na yule mtoto alikuwa bado ameng'ang'ania gauni langu. Nikainuka, nikamshukuru.

Sijui nilianguka kwa muda gani. Magoti hayakulia. Watoto waliingia, wakalijua jina langu, wakaondoka. Kisha nikaitwa kizingitini kunywa uji. Aliyeushika alikuwa mwanamke mzima, ana mvi chache juu ya sikio, anaupoza kutoka bakuli hadi bakuli. Nilimjua kwa namna alivyoupuliza.

"Umerudi," nikasema.

"Nilirudi zamani, Bibi. Nipo hapa kwenye benchi. Nakutazama."

"Mwatime yuko wapi?"

"Kofia yake ameniachia. Sijui kuimalizia."

Nikanywa. Ulikuwa na sukari nyingi, kama wa mtu anayelipiza kitu kwa wema. Mlango nyuma yake ulikuwa umejaa mwanga mweupe usioonyesha barabara wala nyumba. Niliutazama kwa muda. Nilikuwa nimeshashiba kuanguka.

"Tunu, makubazi yangu yapo?"

"Yapo."

"Yanatazama wapi?"

Akashusha macho. Akaitazama mikono yangu, kama alivyoitazama alipokuwa na miaka saba, ile miaka saba mirefu niliyompa.

"Yanakutazama wewe, Bibi."

"Haya," nikasema. "Basi nitaanguka tena kidogo."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe aliweka bakuli chini. Tukakaa, vidole vyake upande wake, vyangu upande wangu. Nilitaka kumwambia kwamba nilimkawiza kwa sababu ya mama yake, kwamba kila asubuhi nilisema kesho. Lakini alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile, mbele ya mlango ule ule, na mkono wake ulikuwa mzito kama wangu. Alikuwa anayajua.

Nikamnyooshea mkono juu ya kizingiti.

"Shika hapa," nikasema. "Karibu na kiwiko."

Akalishika gauni langu kwa mkono wa kushoto, akalikunja ndani ya ngumi. Kwa mkono wa kulia, bila kuniachia, akainama. Nikasikia ngozi ya makubazi ikikwaruza sakafu. Aliyapangusa moja moja kwa upindo wa kanga yake, akayapanga sawasawa yakitazama nje, akachelewa kidogo kwenye kigwe ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. Mwanga ukatufikia wote wawili. Alikuwa ananivuta juu kidogo, kichwa changu kisigonge.

"Uje tena, Bibi," akasema. "Hata ikiwa alfajiri, nimelala. Hata ikiwa ni sauti tu ya kiganja sakafuni. Usitandike kanga. Uje niamke."